Kuweka Kumbukumbu ya ECC Sawasawa kwenye Seva: Kuanzia Kuchagua RAM hadi Kosa la Kwanza

Ndani ya kompyuta, herufi "p" ni biti nane: 01110000. Biti moja tu ikigeuka, ikawa 01110100, herufi hiyo imekuwa "t". Neno "paka" lililokuwa kwenye RAM likisubiri kuandikwa kwenye diski litaandikwa "taka", na hakuna programu itakayolalamika, maana "taka" nayo ni maandishi halali. Kwenye namba hali ni hiyohiyo: 1,000 ikigeuzwa biti yake ya kumi na saba inasomeka 66,536.

Mwezi Mei 2003, katika uchaguzi nchini Ubelgiji, mashine ya kura ya kielektroniki huko Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada. Iligundulika kwa sababu tu idadi hiyo ilizidi ile iliyowezekana kihesabu. Namba 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani thamani kamili ya biti moja, na waliochunguza hawakukuta hitilafu kwenye programu. Maelezo yaliyoelekea zaidi kuwa ya kweli yalikuwa biti iliyojigeuza yenyewe.

Biti hugeuka kwa sababu kila moja ni chaji kidogo sana ya umeme iliyohifadhiwa kwenye chipu. Chembechembe zinazotokana na miale ya anga za mbali zinaweza kuibadilisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Intel waligundua kwamba hata vifungashio vya chipu vilikuwa na madini kidogo yenye mionzi yaliyofanya kazi hiyohiyo. Lakini msababishi mkubwa ni wa kawaida zaidi: chipu iliyochoka, seli iliyozaliwa dhaifu, miguu ya RAM isiyogusa vizuri. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya mashine, na zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM, vilipata angalau kosa moja lililosahihishwa kwa mwaka. Kipande kilichokosea mara moja kilikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea tena.

ECC (Error-Correcting Code), yaani kumbukumbu inayotambua na kusahihisha makosa ya biti, ndiyo kinga. Ila nataka jambo moja lieleweke kabla hatujagusa mipangilio yoyote: ECC ina kazi mbili, kusahihisha na kutoa taarifa. Wengi wanaishughulikia ya kwanza, wanaona neno "Enabled" kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), wanafunga kifuniko cha seva. Taarifa isipomfikia mtu, chipu inayokufa itasahihishwa kimyakimya mamia ya mara hadi siku itakapotoa kosa lisilosahihishika, na siku hiyo seva itaanguka katikati ya kazi. Mwongozo huu unafuata njia nzima, kutoka kwenye chipu hadi kwenye macho ya msimamizi.

ECC inafanyaje kazi, kwa ufupi unaotosha

Kwa kila biti 64 za data, kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa huongeza biti 8 za ukaguzi. Jumla ni 72. Wakati wa kusoma, hesabu inarudiwa. Ikitofautiana, tofauti yenyewe inaonyesha ni biti ipi kati ya zile 72 iliyogeuka, nayo inarudishwa mahali pake. Mbinu hii imetokana na kazi ya Richard Hamming wa Bell Labs, aliyoichapisha mwaka 1950. Biti 7 zingetosha kusahihisha kosa moja; ya nane imeongezwa ili makosa mawili kwa pamoja yatambulike, ingawa hayawezi kusahihishwa. Yakiwa matatu au zaidi, mbinu hii ya msingi haina uhakika tena, na inaweza hata "kusahihisha" biti isiyo na kosa.

Kumbuka namba hizo, 64 na 72. Tutazitafuta kwa macho baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha vitu vitatu vinakubaliana

Prosesa, ubao mama na RAM lazima vyote viunge mkono ECC. Kimoja kikikosa, huna ECC, na mara nyingi hakuna atakayekuambia. Kipande cha ECC kisicho na rejista ukikiweka kwenye ubao usiounga mkono, kwa kawaida kompyuta itawaka na kufanya kazi vizuri tu, huku zile biti 8 za ziada zikikaa bila kutumika. Vilevile, ukichanganya kipande kimoja kisicho na ECC na vingine vyenye ECC, mfumo ukikubali kuwaka, kinga huzimwa kwa vyote.

Prosesa za Xeon (za Intel) na EPYC (za AMD) zimeundwa kwa ajili ya kazi hii. Upande wa Intel Core, baadhi ya zile za kizazi cha 12 na kuendelea zinakubali ECC, lakini zikiwa kwenye ubao wenye chipseti ya W680 au nyingine ya daraja hilo. Ryzen nyingi za mezani, ambazo ni za AMD, zinakubali pia, ila inategemea mtengenezaji wa ubao ameamua nini. Zile zenye herufi G mwishoni mwa jina lakini hazina neno PRO kwa kawaida hazikubali. Soma ukurasa wa ubao wenyewe, na usome kwa makini: maneno "inakubali RAM ya ECC" si sawa na "inakubali ECC ifanye kazi". Sentensi ya kwanza inaweza kumaanisha tu kwamba kipande hakitakataliwa.

Kuhusu RAM yenyewe, kuna aina mbili utakazokutana nazo zaidi. UDIMM haina rejista na hutumika kwenye seva ndogo na kompyuta za kazi; hii inapatikana ikiwa na ECC au bila. RDIMM ina rejista inayopokea ishara za amri kabla hazijafika kwenye chipu, inaruhusu ujazo mkubwa zaidi, na kwenye seva karibu kila mara ina ECC. Aina hizi mbili hazichanganywi kwenye ubao mmoja. Kwenye DDR5 (kizazi cha tano cha RAM ya DDR) hata mkato wa chini umewekwa mahali tofauti, kwa hiyo usilazimishe kipande kinachogoma kuingia.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya RDIMM zenye chipu za x4 na zile za x8, chagua x4 kwa seva inayobeba data nzito. Kila chipu ya x4 inachangia biti 4 tu kwa mara moja, na kidhibiti cha seva kinaweza kuvumilia chipu nzima kufa bila kupoteza data. IBM iliiita Chipkill, Intel huiita SDDC. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya ECC ya kompyuta ya mezani na ECC ya seva, lakini watu huangalia gigabaiti tu wanaponunua.

Halafu kuna mtego wa DDR5. Kila chipu ya DDR5 ina usahihishaji wa ndani kwa ndani, na wauzaji huandika "ECC" kwenye boksi la RAM ya kawaida kabisa. Usahihishaji huo unafanyika ndani ya chipu peke yake. Haulindi data ikiwa safarini kati ya chipu na prosesa, na hautoi taarifa kwa mfumo endeshi. Ni jambo jema, lakini silo unalolitafuta. RAM ya DDR5 yenye ECC kamili ina biti za ziada zinazofika hadi kwenye prosesa: upana wake ni 72 au 80, badala ya 64.

Hatua ya 2: Sasisha BIOS kwanza

Fanya hivi kabla ya kugusa chochote kingine. Matoleo ya awali ya BIOS huwa na kasoro nyingi upande wa kumbukumbu, na kusasisha baadaye mara nyingi hufuta mipangilio uliyoiweka. Baada ya kusasisha, rudisha mipangilio ya kiwandani, zima na uwashe upya, ndipo uanze.

Seva yenye RAM nyingi ya DDR5 inaweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi inapowashwa mara ya kwanza. Inajifunza muda sahihi wa ishara kwa kila kipande. Iache, usikate umeme.

Hatua ya 3: Mipangilio ndani ya BIOS

Majina yanatofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo nitayataja kama yanavyoonekana sana kwenye skrini. Kwenye seva za Intel tafuta sehemu za "Memory Configuration" na "Memory RAS". Kwenye nyingi za AMD, mambo haya yamefichwa ndani ya "AMD CBS".

"ECC Mode" au "DRAM ECC Enable". Chaguo huwa ni Auto, Enabled na Disabled. Weka Enabled. Auto mara nyingi hufanya kazi, lakini humwachia BIOS kuamua, na BIOS ikiamua kuzima haikuulizi.

"Patrol Scrub". Huu ni ukaguzi wa doria, na nauona mpangilio wa pili kwa umuhimu baada ya ECC yenyewe. ECC hutambua kosa pale tu data inaposomwa. Sasa fikiria ukurasa wa kumbukumbu ulioandikwa Jumatatu na hautasomwa hadi mwezi ujao. Biti moja ikigeuka leo, hakuna anayejua. Biti nyingine ya kundi lilelile la biti 64 ikigeuka wiki ijayo, makosa yamekuwa mawili na hayasahihishiki tena. Doria hupita kumbukumbu yote polepole, inasoma, inasahihisha na kuandika upya kabla kosa la pili halijalikuta la kwanza. Iwashe. Mzunguko wa saa 24 ndio wa kawaida na unatosha. Kuufupisha hula sehemu ya kasi ya RAM bila faida kubwa.

"Demand Scrub". Hii inahusu data iliyosomwa ikakutwa na kosa: je, nakala iliyosahihishwa iandikwe tena kwenye RAM, au apewe programu peke yake huku lililoharibika likibaki palepale? Iwashe nayo.

Kasi. Zima XMP au EXPO ikiwa imewashwa. Hizo ni kasi za juu ya kiwango rasmi, na kwenye seva ni sawa na kununua kinga kisha kutafuta ugonjwa kwa makusudi. Tumia kasi ambayo mtengenezaji wa prosesa ameitaja kwa idadi ya vipande ulivyoweka. Mara nyingi vipande viwili kwa chaneli moja (njia ya data kati ya prosesa na RAM) hulazimika kwenda polepole kuliko kimoja, na hilo ni sawa.

"Memory Mirroring" na "Sparing". Ya kwanza huweka nakala ya kila kitu kwenye sehemu nyingine ya RAM, hivyo ujazo wako hukatwa nusu. Ya pili hutenga akiba ndogo, na sehemu inayoanza kukosea sana huhamishiwa huko. Kwenye Xeon za karibuni utaona pia "ADDDC", inayofanya kazi ya aina hiyo kwa kiwango kidogo zaidi bila kutenga akiba mapema. Kwa seva nyingi mimi naacha mirroring imezimwa: fedha ya kununua RAM maradufu ni bora iende kwenye seva ya pili, maana seva ya pili hukulinda pia dhidi ya ubao na umeme. Lakini kama una mashine moja isiyoweza kusimama hata dakika, hoja inabadilika.

"Data Poisoning". Kosa lisilosahihishika likipatikana kwenye eneo ambalo hakuna programu inayolitumia sasa, si lazima seva nzima ianguke. Mpangilio huu ukiwa umewashwa, data mbovu inawekewa alama, na ni programu itakayojaribu kuisoma peke yake itakayouawa. Uwashe, mradi prosesa inaukubali.

Kizingiti cha makosa, "Correctable Error Threshold". Hapa ndipo taarifa nyingi zinapopotelea. BIOS huhesabu makosa yaliyosahihishwa na haisemi lolote hadi idadi ifike kiwango fulani. Kwa seva mpya, katika wiki zake za kwanza, shusha kizingiti hadi 1 kama inaruhusiwa. Unataka kusikia kila kosa wakati dhamana bado ni mbichi. Baadaye unaweza kukirudisha kwenye namba ya mtengenezaji.

Kuna pia swali la nani anapata taarifa kwanza, BIOS au mfumo endeshi. Kwenye AMD mpangilio huitwa "Platform First Error Handling". Kwingine utaona maneno "Firmware First" au "WHEA". Ukimwachia BIOS, makosa huandikwa kwenye logi ya chipu ya usimamizi wa seva, na mfumo endeshi unaweza usione kitu chochote. Ukimwachia mfumo endeshi, Linux itaona kila kosa. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kuchagua moja halafu ukawa unasoma logi ya nyingine, ukiona sifuri kila siku na kuridhika. Amua sasa, na uandike uamuzi wako mahali atakapouona msimamizi atakayekuja baada yako.

Mwisho, kama kuna chaguo la jaribio kamili la kumbukumbu wakati wa kuwaka, liwashe kwa mara ya kwanza, kisha ulizime ili kuwaka kusichukue muda mrefu.

Hatua ya 4: Thibitisha ukiwa ndani ya mfumo endeshi

Usiiamini BIOS kwa neno lake tu. Kwenye Linux anza na:

```
sudo dmidecode -t memory
```

Tafuta mistari mitatu. "Error Correction Type" inapaswa kusema Single-bit ECC au Multi-bit ECC, siyo None. "Total Width" iwe 72 bits, au 80 kwenye DDR5 nyingi. "Data Width" iwe 64 bits. Ukiona 64 na 64, hizo biti 8 hazipo.

Huu bado ni ushahidi dhaifu. Amri hiyo inasoma jedwali lililoandikwa na BIOS, haiendi kumuuliza kidhibiti cha kumbukumbu chenyewe, na jedwali hilo limewahi kuwa na makosa kwenye bodi nyingi. Ushahidi wenye nguvu unatoka EDAC, sehemu ya kerneli (kiini) ya Linux inayozungumza na kidhibiti moja kwa moja:

```
sudo dmesg | grep -i edac
ls /sys/devices/system/edac/mc/
```

Ukiona mc0 (na mc1, mc2 na kuendelea kwenye mashine kubwa), draiva imekubali kufanya kazi. Ikiwa ECC imezimwa, draiva ya AMD hukuambia wazi kwa maneno "DRAM ECC disabled". Kama folda ni tupu na hakuna ujumbe wowote, inawezekana kerneli yako ni ya zamani kuliko prosesa, au taarifa zinapitia BIOS kama tulivyoona juu. Draiva zenyewe huitwa amd64_edac kwa AMD. Kwa Xeon utakuta skx_edac au i10nm_edac kulingana na kizazi. Kwa seva ndogo za Intel kuna ie31200_edac.

Kisha soma hesabu:

```
grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ce_count
grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ue_count
```

CE ni kosa lililosahihishwa. UE ni lile lisilosahihishika. Seva yenye afya inaonyesha sifuri kote.

Kama seva yako ni pepe (virtual), inayoendeshwa ndani ya seva nyingine, hutaona kitu hapa na hilo halimaanishi lolote. Ukaguzi unafanyika kwenye mashine halisi iliyobeba zile pepe. Kwenye Windows Server, amri ya PowerShell `(Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray).MemoryErrorCorrection` hurudisha namba: 3 ni hakuna, 5 ni ECC ya biti moja, 6 ni ya biti nyingi. Nayo pia inasoma jedwali la BIOS, kwa hiyo ichukue kwa tahadhari ileile. Makosa yenyewe huandikwa kwenye Event Viewer chini ya WHEA-Logger.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla hujaipa kazi

Sifuri peke yake haijathibitisha kitu. Inaweza kumaanisha hakuna kosa, au kwamba hakuna anayesikiliza.

Seva nyingi za kweli zinaruhusu kuingiza kosa la makusudi kupitia kerneli. Washa ruhusa hiyo kwenye BIOS, kwa kawaida iko karibu na maneno "WHEA Error Injection", kisha ukiwa root:

```
modprobe einj
cd /sys/kernel/debug/apei/einj
cat available_error_type
echo 0x8 > error_type
echo 0x12345000 > param1
echo 0xfffffffffffff000 > param2
echo 1 > error_inject
```

Namba 0x8 ni kosa la kumbukumbu linalosahihishika. Hakikisha iko kwenye orodha iliyotolewa na mstari wa tatu. Anwani uliyoweka kwenye param1 lazima iwe ndani ya eneo lililoandikwa "System RAM" kwenye /proc/iomem. Usijaribu 0x10 wala 0x20: hizo ni za makosa yasiyosahihishika na zinaweza kuiangusha seva papo hapo. Baada ya hapo angalia hesabu ya CE, angalia dmesg, angalia logi ya chipu ya usimamizi. Kosa likionekana mahali ulipotarajia, mnyororo wako umekamilika. Rudi BIOS uizime ruhusa hiyo, kwa usalama.

Kama bodi yako haina uwezo huu, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kwenye mashine inazozitambua huonyesha kama ECC imewashwa na huhesabu makosa yaliyosahihishwa. Wapo wanaokaza muda wa RAM kwenye BIOS hadi makosa yaanze kutokea. Inafanya kazi, lakini ifanye tu kwenye mashine ambayo bado haina diski yenye data, kwa sababu RAM inayokosea kwa wingi inaweza kuharibu faili zinazoandikwa.

Hatua ya 6: Hakikisha mtu anapata taarifa

Hesabu za EDAC hurudi sifuri kila seva inapowaka upya. Kwa hiyo unahitaji kitu kinachozihifadhi. Weka rasdaemon, inapatikana kwenye hazina za Debian, Ubuntu, Fedora na jamaa zake:

```
sudo systemctl enable --now rasdaemon
sudo ras-mc-ctl --status
sudo ras-mc-ctl --summary
sudo ras-mc-ctl --errors
```

Faili yake ya mipangilio iko /etc/sysconfig/rasdaemon au /etc/default/rasdaemon. Humo kuna PAGE_CE_THRESHOLD, PAGE_CE_REFRESH_CYCLE na PAGE_CE_ACTION. Kwa maneno rahisi: ukurasa mmoja wa kumbukumbu ukikosea mara kadhaa ndani ya muda uliowekwa, kwa mfano mara 50 ndani ya saa 24, Linux inahamisha data yake kwenda ukurasa mwingine na kuuacha ule mbovu usitumike tena. Acha PAGE_CE_ACTION iwe "soft". Ujazo wa kurasa ambazo kerneli imeziweka kando unaonekana kwenye mstari wa HardwareCorrupted ndani ya /proc/meminfo.

Kama unatumia Prometheus (programu ya ufuatiliaji), kikusanyaji chake node_exporter tayari hukusanya hesabu za EDAC. Unachohitaji ni kuweka onyo zinapoongezeka. Kama huna mfumo wa ufuatiliaji, kazi ndogo ya cron (kiendesha-kazi kwa ratiba) inayosoma zile faili mbili na kutuma barua pepe zikiwa si sifuri inatosha kabisa. Na kama ulimwachia BIOS, soma logi ya usimamizi kwa `ipmitool sel elist`, na uweke tahadhari zake zitumwe nje ya seva.

Fanya pia kazi moja ya mkono sasa hivi, kabla seva haijafungwa kwenye kabati lake: linganisha majina ya nafasi za RAM yanayotolewa na dmidecode na yale yaliyochapishwa kwenye ubao, kisha uyaandike pamoja na namba ya kila kipande. Linux ikikuambia kosa liko "Chan#1_DIMM#0" usiku wa manane, hutaki kubahatisha ni kipande kipi kati ya kumi na sita.

Kuna uamuzi mwingine mdogo: seva ifanye nini ikikuta kosa lisilosahihishika? Kigezo cha kerneli `edac_core.edac_mc_panic_on_ue=1` huisimamisha papo hapo. Kwa seva ya hifadhidata ningekiweka bila kusita. Kusimama kunaumiza siku moja. Data iliyooza ikaendelea kunakiliwa hadi kwenye chelezo inaumiza miezi.

Hili la chelezo linawagusa sana wanaotumia mifumo ya faili ya ZFS au Btrfs. Mifumo hiyo hukagua kila kipande cha data kinachotoka kwenye diski, na ni kweli hugundua diski inayodanganya. Lakini kama biti iligeuka ndani ya RAM kabla alama ya ukaguzi haijahesabiwa, alama itahesabiwa juu ya data iliyokwisha kuharibika, na kila ukaguzi wa baadaye utasema mambo ni shwari. Si kwamba ZFS ni dhaifu kuliko mifumo mingine bila ECC, kama inavyodaiwa mara nyingi. Ni kwamba kinga yake inaanzia pale RAM inapoishia.

Hatua ya 7: Kosa la kwanza likifika

Usikimbilie kubadilisha RAM kwa kosa moja. Kosa moja lililosahihishwa ambalo halijirudii kwa miezi linaweza kuwa chembe tu iliyopita. Liandike tarehe na mahali, endelea na kazi.

Yakijirudia, soma muundo wake. Makosa yanayotoka anwani ileile kila mara ni seli iliyokufa. Kuuweka kando ukurasa huo kunaweza kutosha kwa muda. Yanayotapakaa anwani nyingi lakini kipande kimoja ni chipu inayoelekea kufa: panga kukibadilisha wiki hii, usisubiri. Yakitoka vipande tofauti vilivyo kwenye chaneli moja, shuku ubao, au prosesa ambayo haijakaa vizuri kwenye soketi yake, kabla ya kuilaumu RAM. UE hata moja, hamisha kazi kutoka kwenye seva hiyo leo.

Ili kujua kama mbovu ni kipande au nafasi yake, zima seva, chomoa nyaya zote za umeme, subiri taa ya ubao izimike, vaa kamba ya kuondoa umeme tuli mkononi. Badilishana nafasi: kinachoshukiwa kiende chaneli nyingine, na kile cha huko kije hapa. Bonyeza hadi vishikizi vya pande zote vijifunge. Washa na usubiri. Kosa likimfuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi ileile, tatizo liko kwenye ubao au prosesa. Na likitoweka kabisa, mara nyingi ilikuwa ni mguso mbaya uliorekebika ulipokichomoa na kukirudisha.

Baadhi ya seva zina "Post Package Repair" kwenye BIOS, inayotumia safu za akiba zilizo ndani ya chipu yenyewe kuchukua nafasi ya safu iliyokufa. Chaguo la "hard" ni la kudumu, "soft" hupotea umeme ukikatwa. Ni njia nzuri ya kumalizia kipindi kabla kipande kipya hakijafika, ila safu hizo za akiba ni chache, na chipu inayozihitaji mara kwa mara iondolewe.

Kipande kipya kikishaingia, rudia dmidecode uone 72 au 80 kwenye kila nafasi, siyo ile mpya tu, kwa sababu kipande kisicho na ECC kilichopenya kimakosa kinaweza kuzima kinga ya vyote. Hakikisha mc0 bado ipo. Sasisha ile orodha ya namba za vipande. Kisha iache mashine ikiwa imewashwa, bila kazi za watu, hadi doria imalize mzunguko mmoja kamili; hesabu ikibaki sifuri kwa hizo saa 24, irudishe kazini.